Mgeni Kutoka Takayama

Jael aliporudi Durban kutoka Japani, mwaka 2012, alianza kuvua viatu nje ya mlango wa fleti yao ya mtaa wa Overport. Mumewe, Shem, alidhani ni mazoea ya safari tu. Lakini kila jioni, kando ya viatu vya Jael, sakafu ilikuwa na alama mbili za nyayo ndogo zenye maji.

Kisha ikaja harufu ya majani yaliyoloa na moshi wa kuni. Jael, mhadhiri asiyejua kukosa darasa, akawa anarudi kazini hoi, kama aliyebeba mtu mgongoni.

"Huko ulikutana na nani?" Shem alimuuliza.

"Tulitembezwa mji wa Takayama, kwenye mtaa wa zamani wa wafanyabiashara. Nyumba za mbao nyeusi, milango ya karatasi ya kusukuma pembeni. Miguu iliniuma, nikabaki nyuma kwenye nyumba moja, nikaketi mkekani. Bibi mmoja akaniletea chai. Nilimshukuru kwa Kiswahili. Nikamwambia, karibu kwetu. Mwongoza watalii wetu alisema nyumba ile haijakaliwa miaka mingi."

Jumapili, mchana kweupe, Jael akiwa amelala, Shem alisikia miguu ikiburutwa jikoni, si juu ya vigae bali juu ya kitu laini kama mkeka, ikaja sebuleni, ikapita na baridi yake mbele ya magoti ya Shem, ikaingia chumbani, na kitanda kikalalamika kama mtu wa pili amejilaza, na kutoka kwenye mto mmoja wa Jael zikasikika pumzi mbili.

Alimwita Gloriose, mama Mrundi wa Queensburgh aliyeombea watu kanisani. Mama huyo alikaa kitandani kando ya Jael, akaomba hadi sauti ikamkauka.

"Hatoki?" Shem alinong'ona.

"Huyu hapana wa kufukuza, baba. Eko mzee. Alikaribishwa, akakuja." Gloriose alijifuta uso. Watoto wake walikuwa wamehamia Kanada, wote watatu. "Kwangu iko vyumba viwili, bure tu, hapana mtu."

"Mama, usifanye hivyo."

"Na mimi nimechoka kukaa peke yangu."

Akainama, akasema maneno machache juu ya mto. Jael akafumbua macho, akaomba chakula.

Shem alimsindikiza Gloriose hadi kwenye lifti. Mlango ulipofunguka, mama yule hakuingia. Alisimama kando, mkono ameunyoosha, kama anayempisha mtu mzima.

"Tangulia, bibi," alisema.