Pesa Ndani ya Gunia la Omena

Seline alikuwa anauza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Kila siku asubuhi alitoka nyumbani kwake Nyalenda, akatembea hadi ufuo wa Dunga. Alinunua omena mbichi kwa wavuvi, akaianika juu ya nyavu kuukuu. Aliigeuza na kuigeuza mpaka ikakauka. Jioni aliijaza guniani. Siku ya soko aliiuza katika soko la Kibuye, akiipima kwa kopo la gorogoro, moja moja.

Mume wake, Zadock, alikuwa fundi wa baiskeli. Alifanya kazi mbele ya nyumba yao, na wateja walimpenda kwa vile alivyochekesha. Tena alikuwa na mkono wazi. Rafiki akisema ana shida, Zadock alitoa mfukoni. Rafiki akisahau kurudisha, Zadock naye alisahau kudai.

Ndiyo maana Seline hakumwambia mahali alipoficha pesa zake. Alikuwa ameweka akiba kidogo kidogo kwa miaka miwili. Alitaka kujenga kibanda cha mabati Kibuye, ili mvua isimharibie omena. Pesa hizo alizitia ndani ya pakiti ya maziwa, akaifunga kwa uzi mwekundu wa sweta, akaizika katikati ya gunia la omena lililokaa kwenye kona ya nyumba.

"Mwizi gani atatia mkono humo?" alijiambia. "Atanuka mpaka polisi wamfuate."

Jumanne moja, mwaka wa 1994, Seline alirudi kutoka Dunga akamkuta Zadock anatabasamu.

"Mama Adero, leo nimekusaidia kazi," Zadock alisema. Adero ni binti yao. "Nimeuza gunia. Mama mmoja kutoka Muhoroni amelipa mia tisa. Hata hakuomba kupunguziwa!"

Seline aliangalia kona. Kona ilikuwa tupu. Aliketi chini pale pale mlangoni.

"Baba Adero, umeuza nini?"

"Omena. Si ndiyo tunauza?"

"Umeuza kibanda changu," Seline alisema. "Ndani ya gunia kulikuwa na elfu nne na mia mbili."

Mnyororo wa baiskeli ulimponyoka Zadock mkononi.

Kesho yake walipanda basi la kwanza kwenda Muhoroni. Zadock alijua jina la yule mama tu. Aliitwa Nabututu. Walipofika waliuliza kila mtu, huku matrekta ya miwa yakipita na kuwatimulia vumbi. Mwishowe waliambiwa waende upande wa kiwanda cha sukari, kule wanakonunua chakula wakata miwa.

Walimkuta Nabututu amekaa nyuma ya meza yake. Gunia lilikuwa kando yake. Lilikuwa limebaki nusu.

"Mama, habari ya kazi?" Seline alisema. " Hiyo gunia tulikuuzia jana. Kulikuwa na kitu changu ndani."

"Kitu gani?" Nabututu aliuliza, bila kuinua macho.

"Pesa."

"Pesa ngapi?"

"Elfu nne na mia mbili. Ziko ndani ya pakiti ya maziwa."

"Imefungwa na nini?"

"Uzi mwekundu. Wa sweta."

Nabututu akaingiza mkono kifuani, akatoa pakiti. Uzi mwekundu ulikuwa bado umefungwa.

"Jana mkata miwa mmoja alikuja kununua omena ya shilingi kumi," alisema. "Nimechota, hii ikaanguka kwa mizani! Yeye akasema, 'Mama, ongeza hiyo ingine.'" Nabututu alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Nimelala nayo kifuani. Sijafunga jicho. Mama, usinipatie kazi ya askari tena."

Seline alimkumbatia. Zadock alitaka kumpa shilingi mia mbili za shukrani. Nabututu alikataa, akachukua hamsini tu ya soda na mkate.

Kwenye basi la kurudi, Zadock alimgeukia mkewe.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Ningekuambia, ungempa rafiki yako Ogola. Ogola akiomba, wewe unaweza kumpa hata spoku za baiskeli ya mteja."

Zadock alitaka kubisha, lakini alikumbuka kwamba jambo hilo lilikuwa limewahi kutokea. Akacheka kidogo. "Basi pesa hii tuitafutie mahali. Mahali ambapo mimi siwezi kuigawa na wewe huwezi kuizika."

Zadock alikuwa amesikia habari za kampuni mpya mjini. Watu walisema ukiweka pesa huko, baada ya miezi sita inakuwa mara mbili. Seline hakuwa na uhakika. Jioni hiyo walikwenda kwa jirani yao, Mama Zeituni. Mama Zeituni alikuwa karani katika ofisi za ushirika kwa miaka ishirini kabla ya kustaafu. Sasa alishona nguo nyumbani kwake.

Aliwakaribisha kwa chai ya tangawizi. Alisikiliza hadithi yote ya gunia, akacheka, akaiomba tena tangu mwanzo. Kisha akawa makini.

"Mimi sitawachagulia," alisema. "Pesa ni yenu. Lakini nitawapa maswali. Mahali popote mtakapoingia, ulizeni kwanza: nani amewapa ruhusa ya kushika pesa za watu? Benki ina leseni ya serikali. Ushirika una cheti cha usajili. Hiyo karatasi inakaa ofisini, na mtu akiuliza anaonyeshwa."

"Na wakikasirika?" Seline aliuliza.

"Wakikasirika, tayari wamekujibu. Halafu uliza: nikitaka pesa yangu naipata siku gani? Mnakata ada ngapi? Mnataka nianze na ngapi? Na mkiniahidi faida kubwa, hiyo faida inatoka wapi?"

"Kwani benki zote si sawa?" Zadock aliuliza.

"Kila moja ina kazi yake, Bwana Zadock. Kuna pesa utaihitaji kesho, ya kununua omena. Kuna pesa utaihitaji mwakani, ya kibanda. Si lazima zilale nyumba moja."

Alhamisi, Seline alivaa gauni lake la kanisani. Zadock alivaa koti. Waliingia mjini.

Kwanza waliingia benki kubwa. Karani aliwaeleza vizuri. Leseni ilikuwa ukutani. Lakini ili kufungua akaunti walitakiwa kuweka elfu kumi, na zikishuka chini ya hapo kila mwezi wangekatwa ada.

"Hii ni benki nzuri," Seline alisema walipotoka, "lakini ni nzuri kwa mtu mwingine."

Kisha wakaenda kwenye ile kampuni mpya. Kulikuwa na viti laini na feni. Kijana mwenye tai aliwaletea soda baridi hata kabla hawajakaa.

"Mzee, Mama, karibuni. Leo mkiweka elfu nne, baada ya miezi sita mnachukua elfu nane."

Zadock alimtazama mkewe kwa macho ya kusihi. Seline aliweka soda mezani.

"Kijana, hiyo elfu nne ingine inatoka wapi?"

"Tunafanya biashara, Mama."

"Biashara gani? Mimi pia niko biashara. Sijawahi ona mtaji ikizaa namna hiyo."

"Biashara kubwa. Ya nje." Kijana alikaza tai yake.

"Naomba kuona cheti."

"Kiko Nairobi."

"Na nikitaka pesa yangu mwezi ujao?"

Tabasamu la kijana likapungua. "Mama, wenzako hawaulizi maswali mengi hivi."

Seline alisimama. Zadock alimaliza soda yake haraka, akamfuata.

Mahali pa tatu palikuwa benki ya akiba ya posta. Kuanza kulihitaji pesa kidogo, na mtu alipewa kitabu chake mwenyewe. Alipotaka pesa, alienda na kitabu na kitambulisho. Seline alikipenda kitabu kile, maana aliweza kuzisoma tarakimu zake mwenyewe.

Mwisho walifika kwenye chumba kimoja karibu na Kibuye. Hakukuwa na feni wala soda. Hapo ndipo palikuwa na ofisi ya ushirika wa akiba na mikopo wa wafanyabiashara wa soko. Karani, dada aliyeitwa Dorca, alikuwa anaandika risiti. Seline hakuwa hata amemaliza kuuliza, Dorca akaelekeza kalamu ukutani. Cheti kilikuwa hapo, ndani ya fremu.

"Hapa mwanachama ndiye mwenyewe," Dorca alieleza. "Unaweka akiba kila mwezi, hata kama ni kidogo. Baada ya miezi sita unaweza kuomba mkopo, mpaka mara tatu ya akiba yako. Unatafuta wanachama wawili wa kukudhamini. Riba ni asilimia moja kwa mwezi, kwa deni lililobaki."

"Na nikitaka kutoa akiba yangu kesho?" Seline aliuliza.

"Hapana. Hiyo nakuambia mapema, usije ukanililia. Akiba hii si ya kutoa kila siku. Ukitaka kutoka kabisa, unaandika barua, unangoja siku sitini."

Zadock alimnong'oneza mkewe, "Huyu anatuambia hata mabaya."

"Ndiyo maana namwamini," Seline alijibu.

Siku hiyo waliamua. Pesa ya kununua omena waliiweka posta. Elfu tatu ya kibanda waliiweka ushirika. Zadock naye alijiunga kwa jina lake. Ogola alipokuja kukopa, Zadock alimwambia, "Pesa yangu iko ushirika, ndugu yangu. Njoo ujiunge, nitakudhamini." Ogola alikwenda zake akinung'unika. Wiki mbili baadaye, alirudi kuuliza ofisi iko wapi.

Kabla ya mwaka kwisha, mlango wa ile kampuni ya viti laini ulifungwa. Watu walisimama nje wakiwa wameshika karatasi zao. Zadock alipita hapo na baiskeli, akashuka, akaisukuma polepole. Aliwajua wengine wao. Jioni aliwapeleka wawili kwa Mama Zeituni, wapate ushauri wa kupeleka malalamiko yao.

Seline aliendelea kuweka akiba kila mwezi. Miezi sita ilipokwisha, aliomba mkopo. Akajenga kibanda cha mabati. Mvua za masika ziliponyesha, omena yake ilikaa kavu, na wateja wakaongezeka. Mkopo aliumaliza mwezi mmoja kabla ya tarehe ya mwisho.

Kisha ukafika mkutano mkuu wa mwaka. Wanachama walijaa katika ukumbi wa kanisa. Mweka hazina alisoma hesabu haraka haraka. Seline alifuata kwa kidole kwenye karatasi yake. Kidole kikasimama. Akainua mkono. Sauti yake ilisikika.

"Bwana mweka hazina, mimi ni mwanachama. Hapa naona tumelipa kukodi viti mara mbili, na mkutano ni moja. Naomba kuelezwa."

Mweka hazina alivaa miwani, akageuza karatasi, akageuza tena.

"Ni kweli," alisema. "Imeandikwa mara mbili. Ni kosa langu. Itarekebishwa. Asante, Mama."

Watu walipiga makofi. Zadock alipiga makofi mpaka akasimama juu ya kiti, na Dorca akamwomba ashuke. Baadaye wanachama walipochagua kamati ya usimamizi, wale wanaokagua vitabu, jina la Seline lilitajwa kutoka pande tatu za ukumbi.

Mama mmoja aliyekaa karibu naye alimgusa bega. Alikuwa mwanachama mpya, ameshika kitabu chake cha uanachama kwa mikono miwili.

"Dada, wewe ni mwalimu?" alimwuliza.

"Hapana. Mimi nauza omena," Seline alisema. Alisogeza kiti chake karibu. "Na wewe, ni kitu gani ulitaka kuuliza ukaogopa?"