Diski ya Alamin

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha pembeni. Ya pili ilipita juu ya helmeti.

Hafsa aliinamia tangi la Yamaha, akakata kona kuingia njia ya mchanga ya Bongwe. Nyuma yake Prado nyeusi iliruka mashimo. Alamin, muuza bunduki wa magendo, alishika usukani kwa mkono mmoja na bastola kwa mwingine.

Alikuwa na haki ya kukasirika. Diski ya kompyuta yake ilikuwa ndani ya koti la Hafsa.

Njia ikawa nyembamba. Pikipiki ikapita. Prado ikavaa mnazi, na Alamin akaanguka juu ya honi, hana fahamu.

Redio ikakoroma sikioni.

"Hafsa mwanangu, umeipata?" Alikuwa Abdulwahab, mkuu wake katika idara ya ujasusi.

"Ninayo, Ami."

"Alhamdulillahi. Usiiunganishe na kitu chochote. Niletee mkononi mwangu."

Abdulwahab ndiye aliyemfundisha kulenga shabaha na kudanganya bila kupepesa macho. Hawakuwa na udugu wa damu, lakini Hafsa alimwita ami, na hakuwahi kumvunjia neno.

Siku hiyo alimvunjia. Mwenzake Jacktone alikuwa ndani ya genge la Alamin, akijifanya dereva wa lori, na tangu asubuhi hakusikika. Bunduki zilikuwa zinasafirishwa alasiri hiyo hiyo. Zilikuwa wapi? Jibu lilikuwa kwenye diski. Hafsa aliamini Ami atamsamehe.

Katika chumba cha kupanga nyuma ya saluni moja Ukunda, alifungua kompyuta yake ya ThinkPad. Ujumbe wa Alamin ulisomeka tu ndani ya mfumo endeshi wa Alamin mwenyewe, na ukikosea namba ya siri, mfumo unafuta kila kitu.

Kwa hiyo Hafsa aliunda kompyuta ya kubuni ndani ya kompyuta yake, akaipa ile diski. Mfumo ungeamka ukidhani uko kwao. Chochote ambacho ungeandika au kufuta kingeangukia faili la kando. Diski yenyewe ingesomwa tu.

Ukaamka. Ukadai namba ya siri.

Akakosea. Mfumo ukaanza kujifuta.

Akauzima, akauwasha upya. Ukaamka mzima, haukumbuki lolote. Akakosea tena, akarudia tena. Mwishowe akajaribu tarakimu za namba ya Prado.

Ukafunguka. Jambazi zima, na siri zake kazitundika nyuma ya gari!

Ujumbe wa mwisho ulitoka kwa mtu aliyejiita Mnazi. "Dereva Jacktone ni jasusi. Mmalizieni ghalani, Ramisi, baada ya alasiri."

Waliojua siri ya Jacktone walikuwa wawili tu. Mmoja alikuwa Hafsa.

Hapana, alisema. Hapana. Akapandisha ujumbe juu. Maneno yote ya Mnazi yalikuwa mafupi, ya maandishi, hayana alama ya mtu. Isipokuwa mara moja, Alamin alipofiwa na mama yake. Hapo Mnazi alituma sauti.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Alamin mwanangu, pole sana. Hitima nitakuja, inshallah. Nitaketi nyuma."

Sauti ya Ami.

Aliweza kuficha yote, lakini hakuweza kumpa mfiwa pole ya kuandika kama tangazo la duka. Malezi yake ya Kipwani yalimkatalia. Hafsa alimpenda mzee yule kama baba.

Lakini Jacktone alikuwa bado hai, pengine.

Akaiunganisha kompyuta ya kubuni na mtandao. Amri zote za genge zilitoka kwenye mfumo ule, na sasa Alamin alikuwa yeye.

"Msimguse Jacktone," akaandika. "Mleteni Msambweni pamoja na mzigo, mzima. Nitamuua mwenyewe."

Jibu likaja.

"Sawa bosi."

Skrini ikageuka nyekundu. Mnazi alikuwa ameuona mfumo hewani, naye alikuwa na uwezo wa kuufuta kutoka mbali. Hafsa akauacha ufutike hadi mwisho, akampigia Gillian, kamanda wa kikosi cha Msambweni.

"Lori linakuja barabara ya Ramisi. Jacktone yumo. Nitumie na askari wawili Diani. Usimwambie Abdulwahab."

"Si ni ami yako?"

"Usimwambie."

Jua lilikuwa bado juu simu ilipolia. "Nimechapwa vibaya, lakini niko fiti," Jacktone alisema. "Bunduki zote zimenaswa. Nani aliniuza, Hafsa?"

Hafsa alikata simu.

Abdulwahab alimpokea barazani kwake Diani. Kahawa chungu na halua vilikuwa tayari.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu." Aliipokea diski, akaipindua. "Masikini. Kazi yote hiyo, na imeshafutika."

Hakuna aliyemwambia kwamba kuna kilichofutwa.

Hafsa akaitwaa tena, akaichomeka kwenye ThinkPad aliyokuja nayo, akauwasha mfumo upya. Ukaamka mzima. Sauti ya Abdulwahab ikaijaza baraza, ikimpa Alamin pole.

Mkono wa mzee ukaelekea chini ya mto. Glock ya Hafsa ilikuwa imeshamwelekea kifuani. Askari wa Gillian wakaingia langoni.

"Mama alipofariki," Hafsa alisema, "ulikuja hitima. Ulinishika mkono ukalia. Ulikuwa unaigiza?"

Abdulwahab alitazama kikombe chake.

"Nililia kweli, mwanangu."

Hafsa angependelea uongo. Alichomoa diski, akavaa helmeti, akawapita askari bila kugeuka.