Shingo Isiyogeuka

Gloriose alimwita mume wake kutoka jikoni, naye Sylvestre akageuza mwili mzima, miguu kwanza, shingo imesimama wima. Ilikuwa saa saba mchana, na alikuwa anaomba madirisha yafungwe, eti mwanga unamuumiza.

"Dawa imeshika!" Mama yake Sylvestre, Domitille, akapiga vigelegele. Jumamosi iliyopita, huko kambini Kavimvira, waasi walimnyunyizia mwanawe mayi, maji ya dawa ya kuzuia risasi. Masharti yalikuwa mawili: usitazame nyuma, na chuma kisiguse nyama yako. Sasa hata akitaka kutazama nyuma hawezi! Majirani tukaja kumpongeza. Wajinga sisi, tulimpongeza mtu anayekufa.

Gloriose peke yake hakucheka. Yale mayi yaliingia na nani? Jioni homa ikamlaza mumewe kitandani, na mapajani mwake kulitokea madoa ya zambarau, manne mstari mmoja, kama alama za vidole. Akayabonyeza, hayakufifia. Tangu hapo akawa anamtazama kwa jicho la pembeni, maana yule aliyelala pale alikuwa na sura ya Sylvestre lakini alimwita mkewe kwa jina la mwanamke asiyejulikana, akasaga meno, mgongo ukapinda kinyumenyume mpaka kitanda kikalia, na chumba kizima kikanuka matope ya ziwa ingawa siku hiyo hakuna aliyetoka ziwani.

Akamfuata Onesphore, muuguzi aliyejificha kwa sababu waasi walimshuku kila aliyesoma.

"Nani anajua umekuja kwangu?" Onesphore alinong'ona.

"Hakuna. Miye peke yangu. Iko jini mu nyumba yangu."

Onesphore akamfuata nyumbani gizani na mkoba wake wa dawa. Alipomwinua mgonjwa kichwa, mabega yakainuka pamoja nacho. "Hii ni meningite. Iko mududu, inapita mu pumzi. Kule mu kambi wanalala wengi pamoja. Imeingia mu ngozi yenye kufunika bongo. Penisilini, sindano kila baada ya saa nne, siku kumi. Tuanze sasa, ao kesho unamuzika."

Domitille akaziba mlango. "Chuma? Utaharibu dawa yake! Risasi itaniulia mutoto!"

"Mama, hii pia ni dawa," Onesphore akasema.

"Dawa mbili hazilale mu mwili moja!"

"Risasi haiyafika, mama. Hii imekwisha kufika." Gloriose akamsukuma mama mkwe kwa bega, jambo lisilofanywa kwetu, Mungu amsamehe, na sindano ikaingia.

Siku ya tatu homa ilishuka. Ya tano akala ugali na ndagala. Ya kumi shingo ililegea, lakini masikio yalikuwa yamekufa: Gloriose alipiga makofi nyuma yake, akaangusha sufuria, wapi! Onesphore akasema ugonjwa huo huacha uziwi, washukuru uhai.

Gloriose alishukuru, akalia. Akaketi mbele ya mumewe, akamwambia polepole kwamba anampenda.

Sylvestre alikunja uso, akaitazama kona tupu ya chumba.

"Gloriose, umwambie huyu mugeni anyamaze kidogo. Sisikie weye unasema nini."