Aliyekuja Kuulizia Dismas

Jioni hiyo nilikuwa nimetoka kununua sukuma wiki kwa Ngendo, muuza mboga wa hapa Mwiki, nikarudi polepole. Sikuwa na hamu ya kufika. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Kakamega na neno moja: mume wangu Dismas azikwe.

Dismas alipotea miaka mitatu iliyopita. Alitoka kazini Thika, akaonekana akishuka kuelekea maporomoko ya Chania, basi. Hatukupata mwili, hata kiatu. Kwetu, mtu akipotea hivyo, ukoo huzika shina la mgomba badala yake, ili waliobaki watulie.

Mimi nilikataa. Watu wakimuulizia, nilisema tu, "Hayuko." Majirani walidhani ameniacha. Binti yetu Idah alidhani baba yuko safarini. Mimi mwenyewe sikujua nilimaanisha nini.

Nilifunga geti la ploti, nikaingia, nikaanza kukata sukuma. Stima zilikuwa zimepotea, nyumba ina giza. Mama mkwe aliketi kwenye kochi, leso mabegani.

Ngo... ngo... ngo.

Mlango uligongwa, lakini geti halikuwa limelia.

Harufu iliingia kabla sijafungua. Matope ya mto. Mawe yaliyolowa.

Nje alisimama mwanamume mrefu. Uso sikuuona vizuri. Maji yalimdondoka kwenye mikono ya koti, na mvua hatukuwa tumeiona wiki nzima.

"Dismas yuko?" aliuliza kwa upole.

"Hayuko."

"Hayuko vipi?"

Niliushika mlango.

"Ametoka, amekuacha, ama amekufa?" Alinong'ona kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Nimetumwa niulize. Mkisema, nitaenda."

Nilitaka kusema ametoka. Nilitaka sana...

"Mwambie amekufa," mama akasema nyuma yangu. "Tumechoka."

"Mama, ngoja kwanza."

"Mimi ndiye niliyemzaa. Amekufa."

Yule mtu akainamisha kichwa.

"Asante, mama. Poleni."

Niliwasha taa ya simu, nikamulika nje. Hakuna mtu. Mlangoni palikuwa na maji tu, na hakuna nyayo zilizotoka hapo.

Asubuhi akapiga simu Philip, shemeji yangu anayeishi Kamenu, Thika.

"Shem, wamempata. Chini ya maporomoko."

Tulienda mochari, mimi na mama. Nilijiandaa kuona mifupa. Lakini aliyelala pale alikuwa Dismas mwenyewe, mwili haujaharibika, nywele zimenyolewa juzi tu.

"Mnasema alipotea lini?" mhudumu akauliza.

"Miaka mitatu," nikasema.

Akasoma kadi iliyofungwa mguuni. "Huyu amekufa jana jioni."

Mama alishika kola ya shati la Dismas. Shati hilo sikuwahi kuliona. Lilikuwa safi, na kifungo kimoja kilikuwa kimeshonwa upya kwa uzi mwekundu.

"Mama Idah," aliniuliza polepole, "huu mshono ni wako?"

"Hapana, mama."

Akaiachia kola.

Tulimzika Kakamega kando ya baba yake. Wazee walisema sasa ametulia. Alikokuwa miaka yote hiyo, na nani alikuwa akimfulia, hakuna anayejua.

Mama anaishi nami siku hizi. Mtu akibisha jioni, anaziba mdomo kwa mikono yote miwili, ananitazama, na kungoja mimi nijibu.