Ubao Uliofichwa Uvunguni kwa Bibi

Kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi, Kijiti alikuwa na kazi moja kabla ya shule: kubeba kigoda cha bibi hadi mwisho wa gati. Bibi alikuwa na ugonjwa wa figo, na mara mbili kwa wiki boti ya abiria ilimvusha kwenda hospitali ya ng'ambo kusafishwa damu. Gati lilikuwa refu na pumzi za bibi fupi. Kwa hiyo njiani walisimama mara tatu, Kijiti akaweka kigoda, bibi akaketi na kusalimiana na wapita njia kama vile yuko sebuleni kwake.

Jina la Kijiti alipewa na shangazi yake kwa sababu ya wembamba. Shangazi mwenyewe alikuwa na mwili wa kutosha watu wawili na chenji ikabaki. Alisema upepo ukizidi, mtoto yule afungwe kamba kwenye nguzo.

Gati lile lilijengwa na watu wa mtaa wenyewe, enzi za mababu wa mababu. Aliyejenga nyumba pale ufukweni aliweka na ubao wake mmoja. Nyumba zilikuwa mia na ishirini, mbao nazo mia na ishirini, na kila nyumba iliujua wake. Kila baada ya miaka mitano, maji yanapopungua, mpasua mbao wa mtaa, ambaye wote walimwita Msumeno, alipasua mbao mpya na kuzigawa. Kila nyumba iling'oa ubao wa zamani, ikachoma mwaka kwa chuma cha moto upande wa chini wa ubao mpya, ikaupigilia, halafu ikaupaka oili chafu juu usilowe. Jioni Msumeno alipita mlango kwa mlango akiuliza, "Mmebadili?" Wakijibu, "Tumebadili," anaendelea na safari. Hakuinama kukagua. Hakuna aliyewahi kudanganya kuhusu ubao.

Mwaka ule baba yake Kijiti, fundi boti, alikuwa na mkono kwenye plasta. Akamkabidhi binti yake nyundo, misumari na ubao mpya. Kijiti alikuwa na miaka kumi na miwili, na aliondoka nyumbani kifua mbele utadhani anakwenda kuapishwa.

Shida ilianza kwenye misumari ya zamani. Miwili ilikuwa imeota kutu na haikutaka kutoka. Alivuta, akapiga, akalaumu kila mtu isipokuwa yeye. Ubao wenyewe ulikuwa umelainika upande mmoja, kidole kikizama kama kwenye mkate uliomwagikiwa chai. Na saa kumi kulikuwa na fainali ya netiboli shuleni, naye ndiye mfungaji.

Akautazama ubao, akalitazama jua. Akachukua brashi, akaupaka ule wa zamani oili nzito. Uking'aa hivyo, nani angejua? Ubao mpya akaurudisha nyumbani kupitia mlango wa nyuma na kuusukuma uvunguni mwa kitanda cha bibi. Alijiambia kesho atakwenda kumalizia.

Jioni Msumeno alipopita, Kijiti ndiye aliyefungua mlango.

"Mmebadili?"

"Tumebadili, babu."

Msumeno akampigapiga begani na kumwambia sasa amekuwa mtu mzima. Kesho ile haikufika. Baada ya wiki mbili Kijiti alisahau kabisa. Alichokumbuka ni kwamba timu yao ilishinda.

Miezi mitatu baadaye, kampuni moja iliomba kujenga hoteli pale ufukweni na kuzungushia uzio pwani yote, gati likiwemo. Baraza la mji likatoa jibu: kama gati ni zima na wakazi wanalitunza, litabaki njia ya watu wote. Kama ni bovu, litakwenda kwa kampuni. Wazee walicheka. Gati bovu? Mbao zote mpya!

Injinia wa mji akaja kukagua, faili kwapani. Alitembea polepole, akiandika, watu wakimfuata kama harusi. Alipofika karibu na katikati, ubao ukatoa mlio mmoja mkavu. Mguu wake ukazama hadi pajani. Walipomvuta, mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika. Vipande vya ubao vilianguka majini na mkondo ukavichukua.

Kesho yake gati lilifungwa kwa mabati, mnyororo na kufuli. Kikao cha uamuzi kikapangwa baada ya siku kumi.

Hapo ndipo mtaa ulipoanza kujila wenyewe. Ubao uliovunjika ulikuwa wa nyumba ya fundi boti, hilo kila mtu aliliona. Fundi boti akaapa kwamba ulikuwa mpya. Kama ulikuwa mpya na umevunjika ndani ya miezi mitatu, basi mti wenyewe ulikuwa mbovu. Na kama mti ulikuwa mbovu, mbao zote mia na ishirini zilikuwa mbovu, maana zote zilitoka mikononi mwa Msumeno. Hesabu ilikuwa rahisi, na kila aliyeipiga alipata jibu lile lile. Wangekwenda kikaoni kutetea nini, kama wao wenyewe hawakuliamini tena gati lao?

Baba na Msumeno walikuwa marafiki tangu wakiwa watoto wa kukimbia uchi ufukweni. Sasa walipitana njiani kama watu wasiojuana. Siku ya tatu Msumeno alifunga banda lake la mbao. Alisema labda macho yake yamezeeka na ameshindwa kuutambua mti mbovu. Mke wake aliwaambia majirani kwamba mzee hali, anakaa tu akiangalia viganja vyake. Nyumba mbili za jirani zilianza kufunga mizigo.

Bibi naye ilibidi avushwe. Boti haikuweza kufika ufukweni, hivyo Jumatatu baba alimbeba mgongoni, akaingia majini mpaka kifuani, akimshikilia kwa mkono uliotoka plasta juzi. Bibi alimnong'oneza sikioni kwamba mara ya mwisho walipobebana, mbebaji alikuwa yeye, na baba alikuwa akimkojolea. Baba hakucheka. Alhamisi mawimbi yalikuwa makubwa, wakajaribu mara mbili, wakarudi. Ijumaa miguu ya bibi ilikuwa imevimba mpaka viatu havikuingia. Jumamosi alianza kuhema hata akiwa amelala.

Kijiti alikuwa ameketi kando ya kitanda kile, akimpepea kwa daftari. Chini yake, kwenye vumbi, ulilala ubao. Alijua ulipo kama ulimi unavyojua jino linalouma. Alikuwa ameshapanga uongo mwingine kichwani, kwamba auchukue alfajiri akautupe majini, asiuone mtu. Akamtazama bibi akivuta pumzi moja moja.

"Bibi," akasema, "ubao mpya uko chini yako. Sikuubadili."

Bibi aliushika mkono wenye daftari, akausimamisha.

"Mimi unaniambia kwa sababu sina nguvu ya kukuchapa," akasema. "Nenda kamwambie mwenye nguvu."

Kijiti aliuvuta ubao uvunguni na kuuburuza hadi karakana. Baba alikuwa anaziba ufa kwenye boti. Kijiti alimweleza yote: misumari, netiboli, oili, jibu alilompa Msumeno. Baba aliugeuza ubao, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akausikiliza. Uso wake ulikuwa mgumu kiasi kwamba Kijiti alitamani apigwe, yaishe. Baba hakumpiga. Alivaa shati, akabeba upande mmoja wa ubao, akamwonyesha Kijiti ashike upande wa pili. Wakaenda hivyo barabarani, mtaa mzima ukiwatazama, mpaka kwa Msumeno.

Pale mlangoni baba alisema neno moja tu, "Nisamehe," kisha akamwachia Kijiti aendelee. Msumeno alisikiliza. Halafu alipitisha kiganja juu ya ubao ule, polepole, kama anayempapasa mtoto aliyepona homa. Macho yakamjaa machozi.

"Kumbe mti wangu ni mzima," akasema.

Jumatatu kikao kilifanyika katika ukumbi wa baraza. Bibi hakuwepo. Alfajiri ile, baada ya kuombwa siku mbili, jirani mwenye gari alikubali kumpeleka hospitali kwa barabara ya kuzunguka, safari ya nusu siku. Wakili wa kampuni alizungumza vizuri sana. Alisema kama ubao mpya umevunja mguu wa mtumishi wa mji, mwenyekiti wa baraza ajiulize mwingine utavunja nini.

Kijiti alisimama. Shangazi akamshika kiuno kwa nyuma. Alisema ubao ule haukuwa mpya. Alieleza kila kitu, na alipofika kwenye netiboli watu wengine waliguna, wengine waliinamisha vichwa. Injinia alimsikiliza, mguu wake wenye plasta ukiwa juu ya kiti.

"Kwa hiyo mguu huu ni wako," akasema.

"Ndiyo, mzee. Samahani sana."

"Na nitajuaje kwamba hukufundishwa kusema hivi?"

Kijiti akafikiri. "Zigeuze zote," akajibu. "Chini zina mwaka."

Wakili akapinga. Mwenyekiti akasema kugeuza hakuumizi mtu, na mchana ule ule kufuli likafunguliwa. Injinia aliketishwa kwenye kigoda cha bibi mwanzoni mwa gati. Kila nyumba iling'oa ubao wake, ikauleta mbele yake, ikaugeuza. Injinia alisoma mwaka, akachoma ubao kwa ncha ya kisu kuona kama umelainika, akaandika. Kazi ilichukua saa nne. Mbao mia na kumi na tisa zilikuwa na mwaka ule ule, zote ngumu. Kisha ubao wa Kijiti ukawekwa juu ya mawe mawili, injinia akaomba mtu mzito aukanyage. Watu wote walimgeukia shangazi bila kuambizana.

"Leo ndiyo mmeona faida yangu," shangazi akasema, akapanda, akaruka mara tatu. Ubao ulipinda kidogo, ukarudi.

Injinia aliandika kwamba gati ni zima na linatunzwa na wakazi. Baraza likaamua libaki njia ya watu wote. Kampuni ikaambiwa ijenge hoteli yake ikipenda, lakini uzio usikatize njia.

Msiba haukuisha siku moja. Bibi alilazwa wiki nzima ng'ambo, na kwa siku mbili za kwanza hakuna aliyejua kama atarudi. Kijiti alikwenda kumwomba radhi injinia nyumbani kwake, na jioni za mwezi mzima alisafisha banda la Msumeno. Netiboli alitazama kwa mbali.

Lakini kwanza alipigilia ubao. Misumari ile miwili ya kutu, iliyobaki kwenye boriti, ilimchukua asubuhi nzima, baba akisimama pembeni bila kumsaidia hata kwa neno. Alipomaliza, Msumeno alifika, akauliza kama kawaida yake:

"Mmebadili?"

"Tumebadili, babu. Inama uangalie."

Msumeno akatikisa kichwa. "Siinami," akasema. "Nikianza kuinama kwa kila nyumba, gati hili litakuwa limeshakufa hata kama mbao ni nzima. Misumari inashika mbao, mjukuu wangu. Sisi tunashikwa na lile jibu la mlangoni. Ukilisema, liwe kweli. Na likiwa si kweli, rudi siku ile ile useme, usingoje mtu avunjike mguu."

Jumatatu iliyofuata boti ilimrudisha bibi. Kijiti alimngojea mwisho wa gati na kigoda. Walitembea taratibu, na karibu na katikati bibi akasimama juu ya ubao mmoja mweusi, unaonukia mti mpya.

"Weka hapa," akasema. Akaketi kwa uzito wake wote, akanyoosha miguu, akaanza kusalimia watu.