Hamse Asife

Mursal alichukuliwa na polisi Eldas siku ya Ijumaa, akiwa anatawadha. Mama yake, Ebla, alisikia birika likianguka. Alipotoka nje aliona vumbi la gari tu.

Mashtaka yalisomwa Garissa: kwamba yeye, fundi wa kuchomelea vyuma, ndiye aliyeficha bunduki ndani ya tangi la lori.

"Sina hatia," Mursal alimwambia hakimu. "Kazi hiyo niliikataa. Lori ni la Hamse, mwuza silaha, na nitamwonyesha kwa kidole."

"Utasikilizwa Jumatano."

Jumanne akatolewa rumande. Watu waliovaa fulana za uhamiaji walisema alama zake za vidole zimo kwenye kompyuta ya wakimbizi. Ni mgeni, anarudishwa kwao, ng'ambo ya mpaka.

Alama zilikuwa zake kweli. Mwaka wa ukame Ebla alimwandikisha kambini Ifo, akiwa mtoto, ili apate unga. Familia nyingi za Wakenya wa huku zilifanya hivyo.

Uongo ulikuwa kwenye zile fulana: waliozivaa walikuwa watu wa Hamse.

Simu ya setilaiti ya Jawahir, jasusi wa Idara ya Ujasusi, ililia akiwa nje ya kambi ya Hagadera.

"Mbuzi ametolewa sokoni kabla ya mnada," alisema Gollo, mkuu wake.

Maana yake: shahidi ameibwa.

"Upande gani?"

"Liboi. Land Cruiser nyeupe. Hamse mwenyewe yumo. Wakivuka mpaka, wanamchinja."

"Nimepata."

Alivaa buibui kuukuu juu ya fulana ya kuzuia risasi, akaketi kando ya barabara na madumu ya maziwa ya ngamia. Dumu moja halikuwa na maziwa.

Land Cruiser ikapunguza mwendo. Kwa jua lile, nani apite maziwa ya ngamia?

"Eddo, shangazi, hayo ni ya leo?" dereva aliuliza.

"Ya asubuhi, walaal, ndugu yangu. Shuka uonje."

"Nishuke? Kwani miguu yako umeiuza pamoja na maziwa? Lete hapa!"

Wenzake wakacheka. Jawahir akainuka, dumu mkononi.

Kitako cha dumu kikafunguka.

Glock 17 ikalia mara mbili. Dereva akalalia usukani, honi ikapiga mfululizo. Wa nyuma aliinua AK-47. Risasi ikamwingia kooni, damu ikapaka kioo chote.

Hamse aliruka nje akimburuta Mursal, bastola imemgusa sikio.

"Huyu ni mkimbizi!" alifoka. "Nani atamuulizia?"

"Mama yake."

Mursal alimpiga kiwiko cha mbavu. Mwanya ulikuwa mdogo, ukatosha. Jawahir akalipasua goti la Hamse kwa risasi.

Akaanguka akipiga ukelele. Bastola ikaruka mchangani, Mursal akaiokota kwa mikono yake yenye pingu na kumwelekezea Hamse kichwani.

"Weka chini, walaal."

"Wamening'oa kucha! Tazama!"

"Nimeona. Lakini akifa, bunduki za lile tangi zinabaki zako. Nani atasema zilikuwa zake?"

Mursal alivitazama vidole vyake, kisha bastola. Hakuishusha.

Redio ikakwaruza; ni Gollo, akimwita Jawahir kwa jina lake la kazi.

"Swala, hali?"

"Wawili wamekufa. Shahidi mzima. Hamse yu hai."

"Mmalize. Huyo atanunua mawakili wote wa Nairobi."

"Hapana, afande. Hamse asife."

"Hiyo ni amri!"

Jawahir akaizima redio.

Aliivua shela yake, akaifunga paja la Hamse juu ya jeraha. Hamse akamtemea mate usoni. Jawahir akakaza fundo mpaka Hamse akalia tena.

"Utasikilizwa na wewe," akamwambia.

Hapo ndipo Mursal alipoiweka bastola chini.

Hamse aliletwa mahakamani kwa kiti cha magurudumu. Mursal alimwonyesha kwa kidole, kama alivyosema. Hamse, akitaka apunguziwe kifungo, akataja lori, bunduki, na wanunuzi wake wa ng'ambo waliojificha Nairobi. Jioni hiyo wote walikuwa ndani.

"Kwa shtaka la bunduki, mshtakiwa Mursal yuko huru," hakimu alisema.

Jawahir, kwenye benchi la nyuma, alisikia mpaka hapo. Akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akatoka bila kuaga.

Kesi yake ya uraia imeahirishwa. Alama za Mursal bado zimo kwenye kompyuta ya wakimbizi, na kwa hiyo hapewi kitambulisho. Amepanga chumba Garissa, kwa sababu bila kitambulisho hawezi kupita kizuizi cha barabara ya Wajir, na mama yake, Ebla, yuko Eldas, upande wa pili wa kizuizi.