Somo Yangu Si Marehemu

Asubuhi hiyo Sisimizi alikuwa anafuta vumbi katika duka la mjomba wake, mpiga picha. Alishafuta kiti cha mbao na mwavuli mweupe wa taa, akalipangusa na lile pazia lililochorwa ngazi zisizokwenda popote.

"Futa kila kitu," mjomba alimwambia, "lakini ukigusa kioo cha kamera yangu nitakutundika ukutani ndani ya fremu."

Sisimizi halikuwa jina lake. Alipachikwa darasani kwa sababu ya udogo na ukimya. Hata ukimkanyaga, walisema, humsikii. Ila asubuhi hiyo kichwani mwake kulikuwa na kelele tupu, na kisa chake kilikuwa kazi ya mwalimu.

"Wiki hii somo letu ni somo," mwalimu alikuwa amesema, na darasa zima likamkodolea macho. "Somo yako ni mtu ambaye jina lake ni jina lako. Kila mmoja alete picha ya zamani ya somo yake. Tutazibandika ukutani siku ya wazazi."

"Mwalimu, mimi somo langu ni hisabati," akadakia Redio, msichana ambaye mdomo wake haukuwa na kitufe cha kuzima. "Nilete picha ya kujumlisha?"

"Hilo ni somo lako. Mimi nataka somo yako. Kaa chini."

Darasa likaangua kicheko. Sisimizi hakucheka. Jina lake alipewa la bibi yake mzaa baba, aliyefariki kabla yeye hajazaliwa, na bibi huyo hakuacha picha hata moja. Redio akamwinamia sikioni. "Na wewe utaleta nini? Ukuta?"

Basi akiwa pale dukani akafika kwenye droo ya chini. Humo mlikuwa na picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, tangu enzi za babu, baba yake mjomba. Akawa anazipangusa mojamoja, mpaka akakutana na wasichana wawili waliovaa magauni ya kitambaa kimoja. Walikuwa wameshikana vidole vidogo. Mmoja alikuwa na mwanya, na mkanda wa kiatu chake ulikuwa umefunguka.

Akaigeuza. Nyuma paliandikwa jina lake halisi, herufi kwa herufi.

Moyo ukampiga paa! Akachungulia mlangoni. Mjomba alikuwa anabishana na mteja aliyetaka apunguzwe kitambi kwenye picha. Sisimizi akaichomeka picha katikati ya daftari na kuendelea kufuta.

"Nani huyu?" mwalimu aliuliza darasani alipoiona.

"Bibi yangu. Mwenye mwanya."

"Yupo hai?"

"Hapana, mwalimu."

Angalau hilo la mwisho lilikuwa kweli kuhusu bibi yake. Mwalimu akaibandika katikati ya ukuta, na chini yake akaandika kwa kalamu nene jina, kisha: *Marehemu bibi yake Sisimizi, akiwa na rafiki.* Kuanzia hapo watu walianza kumpisha mlangoni. Hata Redio alimkaribisha kwenye dawati lake. Lakini Sisimizi alikwepa kuitazama ile picha.

Siku ya wazazi ikafika. Mjomba alikuja na kamera yake kupiga picha za shughuli. Redio alimleta bibi yake, mwanamke mrefu mwenye fimbo na miwani minene. Bibi akapita ukutani polepole, akisifia hiki na kucheka kile. Alipofika katikati akasimama. Fimbo ikamtoka mkononi.

"Nisomee hapa chini," akamwambia mjukuu wake.

Redio akasoma jina, kisha akasita. "Marehemu..."

"Marehemu? Kumbe nimekufa! Na mazishi yangu mwenyewe mkashindwa kunialika?"

Watu wakacheka. Naye akacheka, na mdomo ulipofunguka, mwanya ukaonekana. Kicheko kikakatika. Macho yote yakamgeukia Sisimizi.

"Mama, watu wanafanana," mwalimu akasema kwa upole. "Huyu ni bibi wa mwanafunzi wetu. Sivyo, Sisimizi?"

"Bibi yangu si mwongo!" Redio akafoka.

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi mbele ya Sisimizi. Angeitikia kwa kichwa tu, yangeisha. Mjomba alikuwa ameshusha kamera. Bibi alikuwa ameweka kidole juu ya ule mkanda wa kiatu.

"Wanangu wanasema naota," alinong'ona. "Kila siku nawaambia tulipiga picha, wao wanasema uzee huo."

Sisimizi akasogea karibu na bibi.

"Si kufanana," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, ila chumba kizima kiliisikia. "Ni yeye. Bibi yangu hana picha. Hii niliichukua kwenye droo ya mjomba bila kumwomba."

Mwalimu akafumba macho. Bibi akaketi kwenye benchi.

"Ilikuwa dukani? Miaka yote?" Akavua miwani. "Huyu wa pili naye ni somo yangu, jina letu moja. Nilipokwenda kuichukua, fundi wa picha aliniambia, 'Mwenye jina hili ameshachukua.' Nikajua somo kanizunguka. Kumbe naye alikwenda, bila shaka akajibiwa hivyohivyo. Akaja kwangu kufoka, na mimi nikafoka kumzidi. Hatujasalimiana tangu siku hiyo."

"Fundi huyo ni baba yangu," mjomba akasema, uso umemshuka. "Itakuwa alikuja mwingine wa tatu mwenye jina hilo, akachukua picha yake, na baba akachanganya."

Sisimizi akaanza kulia. Bibi akamvuta mkono.

"Kunizika nikiwa hai, hilo nimekusamehe. Lakini nisikilize. Ungeitikia kwa kichwa leo, ningerudi nyumbani nikiwa kikongwe anayeota. Umejiaibisha mbele ya watu wote hawa, na kweli yako imeniponya. Siku nyingine iseme mapema, kabla hujamuumiza mtu. Na ukimshuku rafiki yako, muulize. Mimi na somo tulifoka tu, hakuna aliyeuliza."

"Na ile droo utaifuta yote," mjomba akaongeza, "halafu mimi na wewe tutawatafuta wenye picha."

Mwalimu akabandua picha na kumkabidhi bibi. Pale palipobaki wazi, Sisimizi akabandika karatasi nyeupe na kuandika: *Bibi yangu. Hakuacha picha. Nina jina lake.*

Bibi akatoa simu. Namba ya rafiki yake alikuwa nayo, alipewa na mpwa wa huyo rafiki, ila kuipiga alishindwa. "Herufi hizi sizioni vizuri. Niandikie wewe, somo."

Hakuna mtu aliyewahi kumwita Sisimizi hivyo. Akaipiga ile picha kwa simu, kisha akaandika alivyoambiwa: *Somo, picha yetu haikuchukuliwa na mtu. Ilikuwa dukani. Nisamehe. Ni mimi, somo yako.*

Akatuma.

Wakakaa watatu kwenye benchi: bibi, Redio na Sisimizi. Wazazi waliondoka, viti vikakusanywa. Simu ilikuwa juu ya mapaja ya bibi, na kila kioo kilipozima, aliigusa kikawaka tena. Ujumbe wao ulikuwa palepale, peke yake, bado haujajibiwa.